Mngoni wa Kumzika Baba

Mmeniuliza ghalani, mmeniuliza kanisani, na Mama Jeni amepiga mara mbili akidhani simu yangu imeharibika. Simu ni nzima. Sauti ndiyo haipo. Niliiacha Houston, makaburini, na sijutii. Kwa kuwa siwezi kuwasimulia kwa mdomo, nawaandikia mara moja, msomeane wenyewe, mtu asije kuniuliza tena.

Baba alifia Houston, nyumbani kwa kaka yangu Festo. Habari niliipata Jumatano kwenye grupu la ukoo, nimekaa juu ya katoni wakati wa mapumziko, katikati ya picha ya keki ya mtu na tangazo la viwanja. "Baba ametangulia. Mazishi Jumamosi saa nane mchana." Basi. Ndugu yangu wa tumbo moja hakunipigia hata simu.

Nilimpigia mimi. Nikamuuliza jambo moja tu, mtani ni nani. Akasema hakuna utani, hapa ni Marekani, mchungaji ameshapanga ratiba, na wale wa nyumba ya mazishi watatuona tumechanganyikiwa.

Niwaeleze wasiojua. Sisi ni Wahehe. Zamani, kabla Mjerumani hajaja, dola yetu na dola ya Wangoni zilipigana hadi ardhi ikachoka, na kwa ajili ya vita hivyo Wangoni ni watani zetu mpaka leo. Mhehe akifa, Mngoni huja kumtukana, huvaa nguo zake akamwigiza, na hulizuia jeneza mpaka wafiwa wamridhishe; Mngoni akifa, zamu ni ya Mhehe. Baba alikuwa akiniambia kila Jumapili kwenye simu: "Nikifa, asinizike Mhehe mwenzangu kwa upole kama mtu anayefukia paka. Nitafutie Mngoni." Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Nikamwambia Festo nitakuja na Mngoni. Akakata simu.

Garland mpaka Lewisville

Mngoni nilielekezwa na dada anayetuuzia unga na dagaa hapa Garland. Alisema yupo mmoja Lewisville, Mzee Ngonyani, anaishi na binti yake na kulea wajukuu. Nikampigia, nikajitambulisha kwa heshima zote, nikasema nimefiwa na baba, mimi ni Mhehe.

"Mhehe amekufa?" akasema. "Safi. Amepigwa na nani? Maana sisi tulikuwa bado hatujamaliza kazi."

Nikakata. Nilikuwa najua utani ndio huo, nimeuona misibani tangu mtoto. Lakini kujua kwamba sindano inauma si sawa na kuchomwa. Nikanywa maji, nikapiga tena, kwa sababu Mngoni mwingine sikuwa naye.

Jumamosi alfajiri nikamfunga Nuru kwenye kiti chake. Nuru ana miaka minne, na mume wangu alikuwa na lori huko California, hakuweza kurudi. Nyuma nikaweka kande nilizopika za kupeleka msibani, chungu kizima. Kwa mzee nilikaa nje ya ghorofa wanamoishi nikisubiri mpaka jua likatoka. Akaja amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi, mkononi ameshika mwiko. Mwiko wa kusongea ugali. Akakaa mbele bila kuuliza, akasukuma kiti nyuma mpaka kikagusa magoti ya Nuru.

"Endesha, mateka," akasema. "Babu zangu walikusahau Iringa. Leo nimekuja kukuchukua."

Nikaendesha. Nimelelewa kwamba mwenye mvi hajibiwi. Nilishika usukani mpaka vidole vikauma.

Dallas mpaka Corsicana

Nilidhani atalala. Alianza kuuliza. Baba yako alitembeaje? Alikohoa kabla ya kusema au baada? Kikombe alikishika wapi? Alikuwa mchoyo? Nilijibu kwa mkato kama mtu anayehojiwa na polisi. Alitembea ameweka mikono nyuma. Alikohoa kabla. Kikombe alikishika kwa viganja viwili hata chai ikiwa ya baridi. Miwani aliipandisha kwenye paji la uso, halafu akaitafuta nyumba nzima akitulaumu kwamba tumeiiba.

"Mhehe na wizi," akasema mzee. "Anajua kwao."

Kila nilichomwambia kuhusu baba alikifanya tusi. Mikono nyuma, akasema ni alama ya kamba tulizowafunga. Kikombe kwa viganja viwili, akasema Mhehe anaogopa atanyang'anywa. Mimi nilikuwa bado sijalia hata chozi moja tangu Jumatano. Nilikuwa na hasira tu, imekaa hapa kifuani kama ugali usiotafunwa. Hasira ya Festo, hasira ya grupu, hasira ya baba mwenyewe kunipa kazi hii halafu akaondoka. Na sasa huyu.

Mbaya zaidi ni kwamba Nuru alikuwa anampenda. Kila akitukana, mtoto anacheka. Mzee akauliza bibi huyu mdogo ni kabila gani, Nuru akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni simba. Mzee akasema hilo ni jibu la kwanza la maana kutoka kwa Mhehe katika miaka mia moja na zaidi.

Buffalo

Tulipokaribia mji mdogo unaoitwa Buffalo, mshale wa joto ukapanda na moshi ukaanza kutoka mbele. Nikajikokota mpaka kituo cha mafuta. Fundi aliyekuwa pale jirani akatazama, akatikisa kichwa, akasema radieta imepasuka na kifaa hakipo mpaka Jumatatu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikapiga simu kwa Festo, haikupokelewa. Nikaandika kwenye grupu tusubirini, tumekwama. Wawili wakaweka alama ya mikono ya sala. Yeye kimya.

Nikasimama kando ya gari nikimpepea Nuru kwa kipande cha katoni. Mzee akapanda ukingo wa saruji, akanyoosha mwiko kama mkuki, akaanza kunihubiria kwa sauti kubwa, kwa kuwa alijua hakuna anayeelewa.

"Wahehe tuliwachinja kama kuku. Tukachoma vijiji, tukabeba wake zenu. Huyu mmoja aliyejificha Houston leo namfukia kwa mikono yangu, na wewe na kitoto chako nitawamalizia njiani."

Kumbe alikuwepo anayeelewa. Mwanaume mmoja wa makamo alikuwa anajaza mafuta kwenye gari la familia, lile refu la milango ya kusukuma. Akaacha mpira wa mafuta ukining'inia, akaja moja kwa moja, uso umekauka. Alipita kati yangu na mzee, akampa mzee mgongo.

"Mama," akasema, "beba mutoto, ingia mu gari yangu. Niko naenda Houston. Ule muzee abakie hapa."

Kiswahili chake kikaniambia ni Mkongomani. Nikamwambia asante, lakini mzee huyu ni wangu.

"Ni wako namna gani? Nimesikia yote. Kwetu maneno kama ile, panga iko nyuma yake. Haichelewake."

Mzee Ngonyani akashusha mwiko.

Nawaambia ukweli, nilifikiri. Gari lipo, linakwenda Houston, mwenye gari ananisihi nimwache huyu mzee jangwani na mwiko wake. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini ningefika mbele ya jeneza la baba na nini? Na hasira? Hiyo hata Festo alikuwa nayo.

Basi ikabidi mimi, niliyetukanwa kutoka Lewisville, nianze kumtetea aliyenitukana. Nikamwambia yule baba kwamba mzee ni mtani wangu. Akauliza mtani ni kitu gani. Nikasema babu zetu walipigana vita. Akasema hiyo ameisikia. Nikasema ndiyo, lakini viliisha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha kwenda juu.

"Viliisha, halafu anatukana?"

"Anatukana kwa sababu viliisha," nikasema. Sikujua kama ninalijua hilo mpaka nilipolisema.

Alikwenda akaurudisha mpira wa mafuta mahali pake. Kisha akasema jina lake ni Bisimwa, na kwamba atatubeba wote watatu, lakini muzee atakaa nyuma peke yake, na mwiko utakaa mbele, kwake.

Kuelekea Huntsville

Bisimwa anatoka milima ya Kivu. Anaishi Sharpstown, mtaa wa Houston, anafanya kazi ya kutunza wazee. Aliendesha bila redio. Baada ya muda mrefu wa misitu ya misonobari akasema kwamba kaka zake wawili waliuawa na majirani waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, na ilianza kwa wimbo wa mzaha kwenye harusi. Kwenye ghorofa zao pale Sharpstown, mlango unaotazamana na wake, anakaa mtu wa upande ule. Miaka yote hiyo wanapishana kwenye ngazi kama hawaonani.

Akauliza: "Ile vita yenu iliisha namna gani?"

Mzee, kutoka nyuma, akasema Wangoni walishinda. Sikuvumilia. Nikasema hapana, na nikaisimulia kama baba alivyonisimulia. Kwamba Wangoni waliingia wakati mtwa wetu mkubwa, yaani mtawala, amekufa na nchi inalia, wakidhani watakuta kondoo. Kwamba majeshi yetu yaliwangoja bondeni, mikuki ile mirefu tunayoiita migoha imelazwa kwenye majani, na walipopigiwa ukelele wa hee, hee, walikimbia mpaka ngao zao zikabaki zimezagaa kama majani ya migomba. Mzee akasema ngao ziliachwa kwa makusudi, ili Wahehe wapate cha kulalia. Akasema mwaka uliofuata wao walirudi, wakala ng'ombe wetu. Nikasema na mwaka uliofuata sisi tukawafuata mpaka kwenye maboma yao. Tukaenda hivyo, mwaka kwa mwaka, kila mmoja akishinda kwa mdomo wake, mpaka tukafika mwaka ambao sote wawili tulinyamaza.

"Malizia," Bisimwa akasema.

Mzee ndiye aliyemalizia, na sauti yake haikuwa na mzaha. Alisema kwao wanasimulia kwamba siku ya mwisho hakuna aliyekimbia. Walipigana mpaka jioni, na asubuhi yake watu wa pande zote mbili walikuja kutafuta maiti zao uwanja uleule, na hakuna upande uliokuwa na watu wa kutosha wa kuzika. Basi Mngoni akashika miguu, Mhehe akashika mabega.

"Ndiyo," nikasema. Baba naye alisimulia hivyohivyo. Ni mahali pekee ambapo hadithi zetu zinakutana.

"Wakaapa," mzee akaendelea, "wasipigane tena mpaka watoto waliozaliwa vitani wakue. Watoto walipokua, Mjerumani akawa ameshafika. Kila mmoja akapigwa kivyake."

Tulipofika Huntsville, tulikosimama kula, Bisimwa alimrudishia mzee mwiko wake.

Nikafungua kande. Mzee akasema mateka hali kabla ya bwana wake, akajipakulia mlima, akarudia, kisha akatangaza kwamba zimeiva kwa bahati mbaya. Wazungu wawili waliokuwa kwenye meza ya pili wakauliza ni nini kinanukia vizuri hivyo. Mzee akawaambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba ni chakula cha watu walioshindwa vita. Wakasema pole sana. Wakamaanisha kabisa.

Houston

Baada ya Conroe magari yakasimama. Ajali mbele. Saa nane ikatukuta tumesimama kwenye lami tukitazama taa nyekundu. Sikulia. Nilihesabu malori. Bisimwa akatoka kwenye barabara kubwa akapita vichochoro anavyovijua yeye, hakuuliza, hakujisifu.

Tulifika makaburini jeneza limeshawekwa juu ya ile mikanda ya kuteremshia, mchungaji ameshafunga Biblia. Watu wachache, nguo nyeusi, kimya kile cha kumezea. Festo aliniona, akaona suti ya kijivu na mwiko nyuma yangu, akatikisa kichwa mara moja kusema hapana.

Mzee hakumtazama. Aliuliza nguo za marehemu ziko wapi. Kisha wifi yangu, mke wa Festo, ambaye tangu aolewe hajawahi kumpinga mumewe mbele ya watu, akaenda kwenye gari, akarudi na koti la baba la kahawia na miwani yake, akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akavaa koti. Akapandisha miwani kwenye paji la uso. Akaweka mikono nyuma.

Akatembea.

Jamani. Alitembea kuelekea jeneza, na alikuwa baba. Mguu uleule unaochelewa. Akakohoa, na Festo, aliyekuwa ametazama pembeni kwa hasira, akageuka haraka kama mtu aliyeitwa. Mzee akaanza kutafuta miwani. Akapekua mifuko, akachungulia chini ya mikanda, akamnyooshea kidole Festo. "Wewe. Umeniibia miwani." Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Festo mdomo wake ulianza kufanya vitu asivyoviamuru.

Kisha mzee akalala chini, kwenye lile zulia la kijani, kati ya jeneza na sisi, mwiko kifuani. Akasema haondoki.

"Hapa amelala Mhehe," akasema. "Nimekuja kutoka mbali kumtukana, na sioni ndugu yake hata mmoja wa kumtetea. Naona watu wamevaa vizuri. Mtu asiye na wa kumtetea ni mateka wetu. Namchukua."

Mwanamke wa nyumba ya mazishi akasogea karibu na Festo, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yote yako sawa, kama tunahitaji muda. Kila mtu alitazama viatu.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anangoja tangu Lewisville. Alikuwa anangoja nijibu. Njia yote ile nilikuwa namheshimu, na heshima yangu ilikuwa inamfungia baba mlango.

Nikafungua mdomo.

Nilisema ninyi Wangoni mlitoka kwa Wazulu mkikimbia, mkapita nchi ya kila mtu mkikimbia, mkafika kwetu mkakosa pa kukimbilia ndiyo maana mkajiita mashujaa. Nikasema mkuki wenu ni mfupi kwa sababu nusu mliiuza kwa pombe. Nikasema mzee mzima umekula kande za msiba chungu kizima na kiti cha gari langu umekivunja, na babu yako kama alimshika babu yangu miguu ni kwa sababu alizidiwa uzito wa mabega. Sauti ikapanda. Nikamtukana kwa mambo ambayo hayakuwa yake. Kwa ile meseji kati ya keki na viwanja. Kwa radieta. Kwa kila Jumapili ambayo sikupiga simu mapema na baba akangoja. Kwa kufa. Nikamwambia umekufa bila kuniaga, mzee mwizi wewe, na sikujua tena nazungumza na nani, na yeye amelala pale akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo wa kichwani. Machozi yalikuja katikati. Hayakunizuia. Niliendelea mpaka sauti ikakatika kama uzi na nikabaki nafungua mdomo mtupu.

Na katika ule utupu, Festo, amesimama wima na suti yake, akasema polepole:

"Na ni walevi."

Watu wakacheka. Kicheko kile cha msibani kinachotoka na kamasi. Festo akacheka, kisha akaanguka magotini, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na mimi nikaenda nikamshika mabega.

Mzee akainuka, akajipangusa vumbi.

"Haya," akasema. "Huyu ana watu. Mpitisheni."

Kurudi

Bisimwa alisimama nyuma muda wote, kambeba Nuru mgongoni. Usiku tulilala kwa Festo, na hatukuzungumza mengi, ila aliniletea chai. Jumatatu Bisimwa alitupeleka mpaka Buffalo kuchukua gari, akakataa kabisa tumpe chochote. Kabla hajaondoka alimvuta mzee pembeni, lakini nilisikia.

"Kutoka kwenye kiapo mpaka ule mzaha wa kwanza, ilipita muda gani?"

Mzee akafikiri. "Hilo hawakutusimulia. Lakini lazima kuna mtu mmoja alianza. Na siku hiyo lazima aliogopa sana."

Bisimwa akaitikia. Sijui kama atamsalimia yule wa mlango wa pili. Hakusema, na mimi sikuwa na sauti ya kuuliza.

Kutoka Buffalo mpaka Lewisville mzee hakunitukana hata mara moja. Alilala. Nilipomshusha alizunguka mpaka dirishani kwangu, akavua kofia.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole kwa kufiwa na baba."

Ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amenipa pole tangu mwanzo. Mtani hana pole kabla ya kaburi.

Alikuwa amesahau mwiko kwenye kiti. Nikamnyooshea. Akausukuma urudi ndani.

"Kaa nao. Binti yangu hapa hajui Mhehe mwingine hata mmoja."

Kisha akaingia ndani, mikono nyuma. Ule mwendo ulikuwa bado haujamtoka.

Mwiko uko jikoni kwangu, nimeuning'iniza juu, hausongi ugali. Daktari anasema ninyamaze wiki mbili. Nitanyamaza. Sauti nitaihitaji, maana mzee yule hana afya nzuri, na kuhusu Wangoni nimebakiza mengi ya kusema.